Nasaba, Vinasaba na Hati ya Bima

Katika lugha yetu limo neno la kale, nasaba. Wazee wa pwani walilitumia kueleza asili ya mtu: baba yake ni nani, babu yake ni nani, na ukoo wao ulitoka mji gani. Wataalamu walipotafuta jina la vile vitu vidogo mno vilivyomo ndani ya chembe za mwili, ambavyo hupitisha sura, rangi na hata maradhi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, walilirudia neno hilo hilo, wakalitia katika ngeli ya KI-VI, tukapata kinasaba na vinasaba. Kwa miaka mingi nimelisomesha neno hili darasani kama mfano mzuri wa uundaji wa istilahi. Siku hizi nalitazama kwa jicho jingine, kwa sababu limeingia nyumbani kwangu.

Nia ya makala haya ni kujadili swali moja: je, yafaa sheria iyalazimishe mashirika ya bima ya afya kulipia uchunguzi wa vinasaba kwa watu ambao jamaa zao wameonyesha dalili za saratani ya kurithi? Mimi si daktari wala si mwanasheria. Ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala, mwenye stashahada ya ualimu na madarasa yaliyojaa wanafunzi. Hata hivyo swali hili lina upande wake wa lugha, na upande huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mama yangu mzazi alifariki kwa saratani ya titi akiwa na umri wa miaka 46. Kabla yake, dada yake mkubwa alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi ambayo kijijini yaliitwa uvimbe wa tumbo, na hakuna aliyejua zaidi. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu wa kike naye aligunduliwa kuwa na saratani ya titi kabla hajatimiza miaka arobaini. Alitibiwa, na kwa rehema za Mungu bado yu pamoja nasi. Daktari wake alituuliza habari za jamaa zetu, akawa anajaza fomu ya Kiingereza. Tulipomtajia yule marehemu wa uvimbe wa tumbo, ilimbidi aulize kama alikuwa wa upande wa baba au wa mama, maana katika Kiingereza wote wawili huitwa kwa neno moja. Kwa Kiswahili jibu limo ndani ya neno lenyewe: dada wa baba ni shangazi, dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Hali kadhalika Waganda tunapotaja ssenga hatuna haja ya kufafanua kuwa ni dada wa baba. Lugha zetu zilikuwa zimekwisha kuchora mti wa nasaba kabla hospitali hazijauhitaji.

Lakini mti huo una kasoro moja ambayo yafaa tuitambue. Katika Buganda mtoto hufuata ukoo wa baba yake na kushika mwiko wa ukoo huo. Kwa ajili hiyo tunajua vizuri habari za babu zetu wa upande mmoja, na za upande wa pili tunazijua kwa kubahatisha. Vinasaba havijui desturi hiyo. Nusu hutoka kwa baba na nusu hutoka kwa mama. Tena watu wengi hudhani kuwa saratani ya titi hurithiwa kwa mama tu. Sivyo. Baba mwenye afya njema anaweza kumpa binti yake kinasaba chenye hitilafu alichokipata kwa mama yake yeye, na pasiwe na mtu wa kushtuka, kwa kuwa katika kizazi hicho hitilafu ilipita kwa mwanamume bila kuonekana. Kwa hiyo anayetaka kuijua hatari iliyomo katika damu yake hana budi kuzihoji koo zote mbili.

Sasa nieleze kwa ufupi jambo lenyewe. Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kuwa katika kromosomu ya 17 kuna mahali panapohusiana na saratani ya titi inayotokea mapema katika baadhi ya familia. Kinasaba chenyewe kilipatikana mwaka 1994, kikaitwa BRCA1. Mwaka 1995 kikafuata cha pili, BRCA2. Kazi ya vinasaba hivi ni kama ya fundi wa nyumba: hurekebisha mahali palipoharibika katika chembe. Mtu akizaliwa na kimoja kilichoharibika, ulinzi wake umepungua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa katika kila wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, wapatao 72 watapata saratani ya titi kabla ya kufikia miaka 80, na wapatao 44 watapata saratani ya ovari. Kwa BRCA2 makadirio yalikuwa 69 na 17. Wanaume nao hawakusalimika, kwani BRCA2 huongeza hatari ya saratani ya tezi dume. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu ana nafasi sawa ya kuirithi au kutoirithi, mfano wa sarafu inaporushwa juu.

Hapana budi niseme pia kwamba saratani nyingi si za kurithi. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya titi, ni kiasi cha 5 hadi 10 tu ambao ugonjwa wao hutokana na kinasaba kimoja cha namna hii. Kwa hiyo hakuna anayedai kwamba kila mtu apimwe. Wanaohusika ni wale ambao jamaa zao wanaanguka mmoja baada ya mwingine, tena wakiwa bado vijana.

Wengine husema kuwa haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, hayatuhusu. Historia ya mji wetu inawakanusha. Ni katika Hospitali ya Mulago ambako Denis Burkitt aliueleza, katika makala yake ya mwaka 1958, uvimbe wa taya za watoto ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina lake. Ni katika kilima hicho hicho ambako Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967. Mnamo mwaka 2020 zilichapishwa tafiti mbili zenye kutuhusu: moja iliwachunguza wanawake wa Uganda na Kameruni, nyingine wanaume wa Uganda pamoja na Wamarekani weusi. Katika zote mbili hitilafu za vinasaba hivi zilionekana miongoni mwa wagonjwa wetu. Na huko Mbarara, Hospitali ya Macho ya Ruharo imewatibu kwa miaka mingi watoto wenye saratani ya retina, ambayo karibu wanne katika kila kumi wanaoipata wana namna yake ya kurithika. Mtoto mmoja akigunduliwa, wadogo zake wakachunguzwa mapema, jicho linaweza kuokolewa na uhai pia.

Ipo hoja nyingine ambayo walimu wa lugha wataielewa upesi kuliko watu wengine. Kipimo cha vinasaba ni usomaji. Mashine husoma herufi, kisha mtaalamu hulinganisha alichokisoma na orodha kubwa ya mabadiliko yanayojulikana, ambayo ndiyo kamusi yake. Bahati mbaya kamusi hiyo ilitungwa kwa kuwapima zaidi watu wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo Mwafrika akipimwa, mara nyingi zaidi huambiwa kuwa limeonekana badiliko ambalo maana yake haijulikani. Sisi tuliokuwa tukitegemea kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hadi tulipoipata Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, tunaijua hali hiyo. Neno la watu halikosi maana kwa sababu tu mtunga kamusi hakuwahi kufika kijijini kwao. Dawa yake ni kukusanya maneno zaidi. Na vinasaba vyetu havitakusanywa ikiwa watu wetu hawapimwi, wala hawatapimwa ikiwa hakuna wa kulipa.

Hapo ndipo ninapoifikia bima. Mdogo wangu anauza nguo katika soko la Owino na hana bima ya aina yoyote. Ndugu tulichanga, sampuli ya damu yake ikapelekwa nje ya nchi, na jibu lilipokuja lilisema kuwa BRCA1 yake ina hitilafu yenye madhara. Gharama ilizidi mshahara wangu wa miezi miwili. Kipimo changu mimi kingekuwa rahisi zaidi, kwa kuwa hitilafu ikishajulikana kwa mmoja, ndugu zake hutazamwa mahali pale pale tu. Shule ninakofundisha imewakatia walimu wake bima ya afya katika kampuni moja ya binafsi. Nikaipelekea kampuni hiyo barua ya daktari. Jibu lilikuwa fupi: hati ya bima hailipii maradhi ya kuzaliwa nayo wala ya kurithi, pamoja na vipimo vinavyohusiana nayo.

Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, niliisoma hati ile kama ninavyosoma insha ya mwanafunzi. Huyu mwandishi ameyaunganisha mambo mawili yasiyo sawa. Mtoto aliyezaliwa na tundu katika moyo amezaliwa na ugonjwa. Mtu aliyerithi BRCA1 yenye hitilafu hakurithi ugonjwa, amerithi hatari. Ni sawa na mtu aliyerithi nyumba yenye ufa. Nyumba haijaanguka, na pengine haitaanguka kamwe, lakini mwenye nyumba anataka fundi aje autazame. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hati ile inakataa kulipia kuziba ufa, na ukuta ukianguka, neno lile lile la kurithi liko tayari kutumiwa kukataa kulipia ukuta.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi. Karani aliyenihudumia, kijana mwenye adabu, aliniambia kwa sauti ya chini: «Mwalimu, hata ukijilipia mwenyewe, fikiri kwanza. Bima inapohuishwa kila mwaka kuna fomu, na fomu inauliza kama umewahi kuelezwa na daktari kuwa una hatari yoyote ya kiafya.» Kwa maneno mengine, asiyejua analindwa na ujinga wake, na anayejua anaadhibiwa kwa ujuzi wake. Nina mabinti wawili, mmoja yuko chuoni na mwingine yuko kidato cha tatu. Fedha za kipimo zaweza kuchangwa tena. Lakini jibu litakalopatikana halitakuwa langu peke yangu. Litakuwa limewagusa na wao kabla hawajapata kazi ya kwanza wala kujaza fomu ya kwanza. Mpaka ninapoandika maneno haya sijapimwa.

Bima ni kitu gani? Neno lenyewe tulilipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Watu wenye hofu moja hukusanya fedha zao, ili atakayefikwa na baya asilibebe peke yake. Jambo hili si geni kwetu. Hapa Kampala na vijijini kote Buganda viko vyama vya munno mukabi, yaani rafiki wakati wa shida, ambavyo wanachama wake husaidiana katika maziko na magonjwa. Katika nchi ya kusini-magharibi viko vyama vya engozi, vilivyopewa jina la machela ambayo majirani humbebea mgonjwa kwa zamu, bonde hadi kilima, mpaka hospitalini. Juu ya msingi wa vyama hivyo Hospitali ya Kisiizi, katika wilaya ya Rukungiri, ilianzisha bima yake ya jamii mwaka 1996. Sharti kubwa lilikuwa ni kwamba kikundi kijiandikishe kwa pamoja, wenye afya na wenye maradhi. Hekima yake iko wazi. Ukiwachagua wenye nguvu tu, hutakuwa na wa kubebwa, na machela haitakuwa na kazi.

Nchi nyingine zimelikabili jambo hili kwa sheria. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2008 iliyakataza mashirika ya bima ya afya na waajiri kuwabagua watu kwa sababu ya vinasaba vyao. Kisha sheria ya afya ya mwaka 2010 ikaleta wajibu wa kuwalipia ushauri na kipimo cha BRCA wanawake ambao historia ya jamaa zao inaonyesha hatari. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa kinasaba cha asili hakiwezi kuwa milki ya kampuni, na uamuzi huo ukafungua mlango wa ushindani katika bei. Hata hivyo sheria ya 2008 haikuigusa bima ya maisha, na huo ni ufa wa kujifunzia. Kanada ilipitisha sheria yake ya kuzuia ubaguzi wa vinasaba mwaka 2017.

Kwetu Uganda mambo yamekwenda kwa mwendo mwingine. Tarehe 31 Machi 2021 Bunge lilipitisha Mswada wa Bima ya Afya ya Taifa, lakini haukupata saini ya Rais, na kwa hiyo haukuwa sheria. Jirani zetu wa Kenya na Tanzania walipata sheria zao mpya za bima ya afya mwaka 2023. Sheria yetu ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu binafsi inazihesabu habari za afya kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Huo ni mwanzo mwema, lakini kulinda siri ya mtu si sawa na kumwondolea adhabu kwa kuisema.

Najua hoja za wanaopinga, na baadhi yake ni nzito. Wanasema saratani inayowaua zaidi wanawake wetu ni ya mlango wa kizazi, ambayo chanzo chake ni virusi, na ambayo chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2015. Fedha ziende huko. Wanakumbusha kwamba mwaka 2016 mashine pekee ya kutibu kwa mionzi katika nchi hii iliharibika, na kwa zaidi ya mwaka mmoja wagonjwa wakawa hawana mahali hapa nchini pa kupata tiba hiyo. Tena bado wako wagonjwa wengi wanaofika Mulago ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Katika hali kama hiyo, je, kupima vinasaba si anasa?

Jibu langu ni kwamba anayefika mapema ndiye anayepunguza mzigo wa mashine na dawa. Kumpata mtu ambaye bado ni mzima, na ambaye tunajua kwa nini yafaa achunguzwe kila mwaka, ni nafuu kuliko kumngoja afike amebebwa. Na si kweli kwamba hatuna uzoefu. Mwaka 1990, wakati dawa za kuuzuia UKIMWI hazijapatikana, kituo cha upimaji wa hiari kilifunguliwa hapa Kampala, na watu walikwenda kwa sababu walishauriwa kabla na baada ya kupimwa. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa selimundu, ambao nao ni ugonjwa wa kurithi, uliofanywa kwa kutumia damu za watoto wachanga zilizokuwa zimekwisha kuchukuliwa kwa ajili ya UKIMWI. Ilionekana kuwa watoto wapatao 13 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Tangu hapo selimundu imezungumzwa waziwazi, hata Mbio za Siku ya Kuzaliwa ya Kabaka za mwaka 2018 zilitumika kuipiga vita. Jambo la kurithi liliondolewa aibu, likawa jambo la kupimwa.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, sheria yoyote ya bima itakayotungwa iwape haki ya kipimo wagonjwa wanaopata saratani za namna hii wakiwa vijana, na ndugu zao wa karibu hitilafu inapoonekana. Pili, malipo yasiishie kwenye kipimo; yagharimie pia ushauri nasaha na ufuatiliaji wa kila mwaka, kwa maana kumwambia mtu habari mbaya na kumwacha mlangoni ni ukatili. Tatu, jibu la kipimo lisitumike kumnyima mtu bima, kumwongezea malipo wala kumfukuza kazini. Sharti hili la tatu ndilo litakaloyapa uhai yale mawili, maana bila hilo watu watakimbia kipimo hata kikitolewa bure. Nne, hati za bima ziandikwe pia kwa lugha ambazo wenye bima wanazielewa, na neno kurithi lifafanuliwe humo, ili lisiwe mtego.

Hapa ndipo wajibu wetu walimu unapoanza. Wanafunzi wetu ndio watakaokuwa wauguzi, makarani wa bima, wabunge na wafasiri. Wakijua tofauti kati ya ugonjwa na hatari, na kati ya shangazi na mama mkubwa, watauliza maswali ambayo mama yangu hakuwa na wa kumuuliza. Napendekeza tuanze na zoezi dogo: kila mwanafunzi achore mti wa nasaba yake, ukoo wa baba na ukoo wa mama, na aulize nyumbani, kwa adabu na bila kumlazimisha mtu, kila marehemu alifariki kwa maradhi gani na akiwa na umri gani. Darasani ataisoma kwa sauti istilahi tu, kwani siri za nyumba si za ubaoni. Karatasi yenyewe aitunze. Huenda siku moja daktari akaiomba.